Kabla ya kutangaza uhai chini ya barafu

Tarehe 5 Februari 2012, katika kituo cha Urusi cha Vostok kilicho katikati ya Antaktika, keekee iliyoanza kutoboa barafu mwaka 1990 hatimaye iligusa maji. Ilikuwa imeshuka mita 3,769. Maji yale ni ya Ziwa Vostok, lenye urefu wa kilomita zipatazo 250 na eneo linalokaribia mara mbili ya Ziwa Turkana, ambalo hakuna jicho lililowahi kuliona kwa sababu limefunikwa na barafu kwa muda unaokadiriwa kuwa mamilioni ya miaka. Magazeti ya dunia yalishangilia, na si ajabu: kama humo mna vijidudu, basi vimeishi gizani, mbali na jua, tangu kabla binadamu hajawa binadamu. Lakini shimo lililofikia maji hayo lilikuwa limejaa tani zipatazo 60 za mafuta ya taa yaliyochanganywa na freoni. Maji ya ziwa yaliposukumwa juu na shinikizo, kitu cha kwanza yalichokutana nacho ni mafuta hayo, wala si chupa ya maabara. Zaidi ya miaka kumi imepita na bado hakuna orodha ya wakazi wa Ziwa Vostok ambayo wataalamu wa fani hiyo wanakubaliana nayo. Ninachodai ni kwamba matokeo hayo hayakuwa bahati mbaya. Anayechunguza vijidudu vya ncha za dunia hana kazi kubwa kuliko kuthibitisha kwamba alichokipata hakukileta mwenyewe. Sampuli isiyoweza kuonyesha hivyo haiwi ushahidi hata ikitoka mahali pa ajabu namna gani, na nchi zinazogharamia safari hizi zinapaswa kulipia usafi kwanza, kina baadaye.

Tuwatendee haki Warusi. Shimo la Vostok halikuchimbwa kutafuta vijidudu. Lilichimbwa kusoma tabianchi ya kale, na kazi hiyo ilifana: mwaka 1999 barafu iliyotolewa humo iliwapa wanasayansi kumbukumbu ya hewa ya miaka 420,000, kumbukumbu ambayo bila hiyo mjadala wetu wa leo kuhusu hewaukaa ungekuwa maskini sana. Mafuta ya taa nayo yalikuwa na sababu yake. Barafu yenye unene wa kilomita tatu na zaidi hujisukuma kwa uzito wake yenyewe, na shimo lililoachwa tupu hujifumba taratibu. Lazima lijazwe kimiminika kisichoganda, tena mahali ambako mwaka 1983 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 89.2 chini ya sifuri. Ukubwa wa ziwa lenyewe ulithibitishwa mwaka 1996, wakati keekee imeshazama mbali. Kwa hiyo kuchimba hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kuugeuza mradi wa tabianchi kuwa mradi wa uhai kwa shimo lilelile na mafuta yaleyale, kwa kuwa tu shimo lilikuwepo na maji yalikuwa karibu. Watetezi wa mpango huo walisema shinikizo la ziwa litasukuma maji juu, yagande ndani ya shimo, kisha yachimbwe yakiwa barafu bila mafuta kupenya ziwani. Huenda ziwa kweli liliponea hapo. Sampuli haikupona: maji yaliyoganda yalikuwa yamechanganyika na kile kilichokusudiwa kuyapisha.

Dalili za matatizo zilionekana mapema. Mwaka 1998 uchimbaji ulisimamishwa katika kina cha mita 3,623, zaidi ya mita mia moja juu ya ziwa. Ikafahamika kwamba barafu ya chini kabisa, kuanzia mita 3,539, si theluji ya kale bali ni maji ya ziwa yaliyoganda na kushikamana na dari la barafu kutoka chini. Kumbe ziwa lilikuwa limeshajitolea sampuli lenyewe. Mwaka 1999 makundi mawili ya watafiti yalichapisha matokeo yao kwa wakati mmoja, kutokana na vipande viwili vya barafu hiyo vilivyopishana kwa mita kumi na kitu tu. Kundi la John Priscu lilihesabu seli kuanzia 2,800 hadi 36,000 katika kila mililita moja ya maji yaliyoyeyushwa. Kundi la David Karl lilihesabu 200 hadi 300. Tofauti ya mara kumi hadi mara mia haiwezi kupuuzwa kama makosa madogo ya kuhesabu. Miaka michache baadaye wataalamu wa Urusi na Ufaransa, wakifanya kazi kwa masharti makali zaidi ya usafi, walisema barafu ile karibu haina kitu, na kwamba sehemu kubwa ya vinasaba vilivyokuwa vikionekana ni vya uchafu wa nje. Walibakiwa na bakteria mmoja wa kutiliwa maanani, Hydrogenophilus thermoluteolus, jamaa wa chemchemi za maji moto. Bakteria wa maji moto katika barafu: ama chini ya ziwa kuna nyufa zinazotoa joto, ama ametoka kwingine. Mabishano hayo hayajaisha.

Kwa nini hesabu zilitofautiana hivyo? Jibu liko katika uchache wa kinachotafutwa. Maabara ya hospitali ya wilaya inayopima makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu hushughulika na bakteria kwa maelfu na mamilioni, na seli mbili tatu zilizodondoka kutoka kwenye glavu hazibadilishi majibu. Chumvi ya ncha ya kidole haitambulikani katika sufuria ya ng'onda. Katika glasi ya maji utaionja mara moja. Barafu ya Vostok ni hiyo glasi. Pumzi ya mtu, ngozi yake, nyuzi za koti, mafuta ya kuchimbia yenye bakteria wake wanaokula mafuta, vyote vina seli nyingi kuliko barafu yenyewe. Tena kuna jambo ambalo watafiti wengi walichelewa kulipa uzito: vitendanishi vinavyotumiwa kutolea vinasaba, vinavyouzwa vikiwa vimefungwa vizuri na kuandikwa safi, huwa na masalia ya vinasaba vya bakteria wa kiwandani. Makala iliyochapishwa mwaka 2014 katika jarida la BMC Biology ilionyesha hilo bila kuacha nafasi ya ubishi: kadiri sampuli inavyopungua seli, ndivyo majibu ya mashine yanavyoelezea kitendanishi badala ya sampuli. Mashine haidanganyi, inasoma kilichowekwa ndani yake. Anayedanganyika ni msomaji wa majibu aliyesahau kupitisha kwenye mashine hiyohiyo chupa ya maji matupu, ili ajue uchafu wake mwenyewe unafananaje.

Ndipo ukaja mwaka 2013, ambao kwa maoni yangu ulitosha kufunga mjadala kuhusu njia ya zamani. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Ohio walitangaza kwamba katika barafu ya Vostok wamepata mifuatano ya vinasaba zaidi ya 3,500, mingi ya bakteria, na baadhi ikihusishwa na viumbe wakubwa zaidi, hata na bakteria wanaoishi pamoja na samaki. Habari ikazunguka dunia: pengine chini ya barafu kuna samaki! Wataalamu wenzao walikuwa na swali la kawaida kabisa: mbona orodha hiyo inafanana mno na uchafu unaojulikana wa maabara? Mwaka huohuo, mwezi Machi, kutoka taasisi moja ya St. Petersburg kukatangazwa bakteria asiyefanana na yeyote anayejulikana, na siku chache baadaye kiongozi wa maabara ya vinasaba katika taasisi hiyohiyo akasema kilichoonekana ni uchafu tu. Mtafiti aliyetoa tangazo la kwanza hakukubali yote. Alisisitiza kwamba mfuatano mmoja ungali haujaelezeka. Inawezekana kabisa kwamba yuko sahihi. Hapo ndipo ubaya ulipo: hata kama yuko sahihi, hana namna ya kutushawishi, kwa kuwa sampuli yake imepita kwenye mafuta ya taa.

Linganisha na Ziwa Whillans, pembeni mwa Antaktika Magharibi. Januari 2013, Wamarekani wa mradi wa WISSARD walitoboa mita 800 za barafu kwa maji ya moto badala ya mafuta. Maji hayo yalichujwa, yakapitishwa kwenye mionzi ya urujuanimno, yakapashwa moto. Vifaa vilivyoteremshwa vilioshwa kwa haidrojeni peroksaidi. Muhimu kuliko yote, waliyapima maji yao wenyewe ya kuchimbia kabla hawajagusa ziwa. Miaka sita nyuma, Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilikuwa limependekeza kwamba maji ya aina hiyo yasizidi seli 100 kwa mililita, na kipimo hicho kikawapa watafiti kitu cha kujihukumia. Ziwani walipata seli zipatazo 130,000 kwa mililita. Hesabu hiyo haikubishaniwa kama zile za Vostok, kwa sababu msomaji angeweza kuona pengo kati ya kilichoingizwa na kilichokutwa. Makala yao ya mwaka 2014 katika jarida la Nature ilieleza hata riziki ya vijidudu hivyo: vingi havitegemei mwanga, bali hupata nguvu kwa kuunguza amonia, methani na madini ya salfa yaliyosagwa na mwendo wa barafu juu ya mwamba. Mwishoni mwa 2018 mradi uliofuata ulifika Ziwa Mercer chini ya zaidi ya kilomita moja ya barafu, kwa njia hiyohiyo, na ukakuta seli chache zaidi, kama elfu kumi kwa mililita. Simaanishi kwamba Whillans ni Vostok. Whillans lina kina cha mita mbili hivi, liko karibu na ukingo wa bara, na maji yake huingia na kutoka kila baada ya miaka kadhaa. Halijatengwa na dunia kwa mamilioni ya miaka. Anayesema "tumeshathibitisha uhai chini ya barafu yote ya Antaktika" anaruka shimo refu. Lakini kuhusu Whillans tunaweza angalau kubishana juu ya ziwa. Kuhusu Vostok tunabishana juu ya shimo.

Pingamizi la kwanza ni la fedha, na halifai kudharauliwa. Usafi wa namna hii ni ghali. Kila lita ya maji ya moto inahitaji mafuta yaliyosafirishwa kwa ndege au kwa misafara ya matrekta juu ya theluji, na mfumo wa kuchuja ni mzigo juu ya mzigo. Waingereza walilionja hilo mwezi Desemba 2012 katika Ziwa Ellsworth, chini ya zaidi ya kilomita tatu za barafu. Walikuwa wametengeneza vifaa vilivyotakaswa kwa kiwango cha juu mno. Mashimo mawili yaliyopaswa kuungana chini ya barafu hayakuungana, maji ya moto yakapotea, mafuta ya kuyachemsha yakapungua, na siku ya Krismasi kiongozi wa mradi, Martin Siegert, akasimamisha kazi. Mamilioni ya pauni yalikwenda bila hata tone moja la maji ya ziwa. Wapo wanaosema huo ni mfano wa usafi uliozidi akili. Mimi nauona kinyume chake. Ellsworth lipo vilevile lilivyokuwa, na timu yoyote itakayorudi italikuta halijaguswa, ikiwa na ripoti kamili ya kilichoshindikana. Fedha za Ellsworth zilinunua somo la uhandisi. Fedha za Vostok zilinunua sampuli ambayo wenyewe wanalazimika kuiombea msamaha kila wanapoitaja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Tukidai ushahidi mkali kiasi hiki, je, hatutaishia kukana uhai uliopo? Historia ina jibu la kutahadharisha. Mabonde Makavu ya McMurdo, ambako kuna theluji kidogo mno na udongo wenye chumvi, yalifikiwa mara ya kwanza na Robert Scott mwezi Desemba 1903, naye hakuona humo kitu kinachoishi. Mwaka 1972, wakati Marekani ikitayarisha vyombo vya Viking vya kwenda Mirihi, Norman Horowitz na wenzake walitangaza kwamba baadhi ya udongo wa mabonde hayo hauna kijidudu hata kimoja. Mwanabiolojia Wolf Vishniac hakukubali. Alirudi Antaktika kutega vioo vya hadubini ardhini, na Desemba 1973 alianguka kwenye mteremko akafa. Miongoni mwa vitu vyake kulikuwa na mawe aliyoyakusanya, ambayo yalimfikia Imre Friedmann; na mwaka 1976 Friedmann akachapisha kwamba ndani ya mawe ya mchanga, milimita chache chini ya uso, wamejificha bakteria wa kijani-buluu wanaonasa mwanga unaopenya kati ya punje. Udongo ulikuwa karibu mtupu, jiwe lilikuwa na wenyeji. Waliosema hakuna uhai hawakuwa wachafu. Walikuwa wametazama mahali pamoja, kwa njia moja ya kuotesha bakteria kwenye sahani, wakatoa hukumu kwa bonde zima.

Kwa hiyo ukali ninaoutetea una ncha mbili. Unamkata anayetangaza uhai kutokana na uchafu, na unamkata anayetangaza utupu kutokana na njia finyu. Mfano mzuri wa ukali wa namna hiyo ni Bonde la University, juu kabisa katika mabonde hayohayo, ambako ardhi haipati hata siku chache za uvuguvugu. Mwaka 2016 timu ya Jacqueline Goordial ilieleza kwamba ilijaribu kuotesha vijidudu vya ardhi iliyoganda ya huko kwenye sahani zaidi ya elfu moja, ikapima kupumua, ikasoma vinasaba, na haikupata dalili ya uhai unaofanya kazi. Ilikuta masalia machache tu ambayo pengine yanakufa taratibu au yamelala. Hawakusema bonde limekufa. Walisema kila kipimo walichotumia, kiliweza kuona nini, na hakikuona nini. Mwaka uliofuata kundi la Belinda Ferrari lilieleza bakteria wa udongo wa Antaktika Mashariki wanaojipatia nguvu kutokana na haidrojeni na kaboni monoksaidi iliyomo hewani kwa kiasi kidogo mno, yaani wanaishi kwa kula hewa. Dai kubwa hivyo liliaminiwa kwa kuwa lilikuja na njia mbili zisizotegemeana: vinasaba vilivyoonyesha uwezo huo, na vipimo vya gesi vilivyoonyesha kwamba udongo huo kweli unaila.

Wapo pia wanaosema hatuna muda wa kusubiri ukamilifu wakati barafu inayeyuka. Hapa nakubali nusu. Katika Aktiki, ardhi iliyoganda daima imehifadhi kaboni inayokadiriwa kuwa takriban tani trilioni 1.5, karibu mara mbili ya iliyopo angani, na vijidudu ndivyo vitakavyoamua kiasi gani kitatoka kama hewaukaa na kiasi gani kama methani. Kiangazi cha mwaka 2016, katika rasi ya Yamal huko Siberia, kimeta kiliua zaidi ya reindia 2,000 na mtoto mmoja wa miaka 12. Ilidhaniwa joto kali liliyeyusha ardhi iliyofukia mzoga wa zamani. Wafugaji wa Ngorongoro, wanaokijua kimeta kwa karibu kuliko mwanasayansi yeyote wa barafu, wangeuliza swali moja tu: mifugo ilichanjwa? Haikuchanjwa; chanjo ya reindia huko ilikuwa imesitishwa mwaka 2007. Vichwa vya habari vilipenda zaidi "jini la barafuni". Mlimani kwetu pia, eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa takriban asilimia 80 kati ya mwaka 1912 na 2000, na mwaka huo wa 2000 timu ya Lonnie Thompson ilitoboa mashimo sita na kubeba barafu hiyo hadi majokofu ya Ohio kabla haijatoweka. Huko haraka ilikuwa halali: kinachopotea kichukuliwe sasa, kihifadhiwe, kichunguzwe polepole. Ziwa lililofunikwa na kilomita karibu nne za barafu ni shauri jingine. Halikimbii popote. Anayelitumia joto la Siberia kuhalalisha haraka ya Vostok anachanganya vitu viwili, na nashuku mara nyingi kinachomharakisha ni bendera.

Msomaji wa Dodoma au Mombasa ana haki ya kuuliza haya yanamhusu nini, hasa wakati zahanati ya kijiji haina vitendanishi vya kupimia malaria. Sitampa jibu la kwamba elimu yote ni nzuri. Jibu langu ni kwamba kosa la Vostok limekwishaingia katika tiba. Mwaka 2014 utafiti uliosifiwa sana ulidai kwamba kondo la nyuma la mama mjamzito lina jamii yake ya bakteria, na nadharia nyingi kuhusu afya ya mtoto zikaanza kujengwa juu ya hapo. Mwaka 2019 watafiti wa Cambridge walichunguza kondo za zaidi ya wanawake 500, wakiwa na vipimo vya udhibiti kila hatua, wakahitimisha kwamba jamii hiyo haipo: karibu bakteria wote walitoka kwenye vitendanishi au waliingia wakati wa kujifungua, isipokuwa maambukizi machache ya kweli. Ni hesabu ileile ya glasi na chumvi. Kadiri maabara zetu zinavyonunua mashine za kusoma vinasaba, na zinanunua, somo lililojifunzwa kwa gharama kubwa kwenye barafu ya wengine linaweza kutufikia bila kulipia tiketi ya kwenda Antaktika. Wala faida si ya onyo tu. Kimeng'enya cha lipasi kinachotumika viwandani kote duniani kutengeneza dawa na mafuta maalumu kinatokana na kuvu aliyepatikana katika mashapo ya Ziwa Vanda, katika Mabonde Makavu yaleyale yaliyodhaniwa kuwa matupu.

Kuna wanaokata tamaa kwa namna nyingine. Antaktika imeshachafuka, wanasema: vituo vina vyoo na majiko, upepo unabeba vumbi kutoka mabara mengine, na msimu wa 2022 hadi 2023 meli zilipeleka watalii zaidi ya 100,000. Usafi gani unaozungumziwa? Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mahali pote pangechafuka sawasawa. Vijidudu vya upepo hutua juu; kufikia maji ya chini kwa njia ya theluji inayozama vinahitaji maelfu kwa mamia ya maelfu ya miaka. Shimo la mtu huvifikisha kwa saa chache. Isitoshe, uchafu wa juu ni sababu ya kuwa makini zaidi chini, maana kila mwaka unaopita hupunguza mahali pa kulinganishia.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kulazimishwa. Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini mwaka 1959 na nchi 12, Afrika Kusini ikiwa pekee kutoka bara letu, na Itifaki ya Madrid ya 1991 inadai tathmini ya mazingira kabla ya mradi mkubwa. Tathmini ya Vostok iliwasilishwa, wengine wakaonyesha wasiwasi, na nchi yenye mradi ikaendelea, kwa sababu uamuzi wa mwisho ni wake. Kanuni za maadili zilizoandaliwa na wanasayansi kuhusu maziwa ya chini ya barafu ni nzuri, lakini ni za hiari. Zigeuzwe masharti. Mradi usioweza kuonyesha idadi ya seli katika maji yake ya kuchimbia usipewe kibali, na kipimo hicho kifanywe na maabara isiyo yake. Vinasaba vya sampuli tupu vichapishwe siku ileile vinapochapishwa vya ziwa, ili yeyote mwenye kompyuta, awe Moscow au Morogoro, aweze kutoa vya kwanza kutoka kwenye vya pili na kuona kinachobaki. Na kati ya maziwa zaidi ya 600 yanayojulikana chini ya barafu ya Antaktika, baadhi yafungwe kabisa, yasitobolewe na yeyote, mpaka vizazi vyenye vyombo bora vitakapoamua. Nchi za Afrika ambazo hazimo katika mkataba hazina kura, lakini bara lile limetengwa kisheria kwa amani na sayansi kwa manufaa ya wanadamu wote, na sauti yao inaweza kusikika Umoja wa Mataifa kuhusu Antaktika kama inavyosikika kuhusu bahari kuu.

Mwezi Oktoba 2024 Marekani ilirusha chombo cha Europa Clipper, kinachotarajiwa kufika Mshtarii mwaka 2030 na kupita mara nyingi karibu na Europa, mwezi unaoaminika kuwa na bahari chini ya ganda lake la barafu. Clipper haitatua. Siku moja kitatumwa kitakachotua, na pengine kitakachochimba, na wale watakaokitengeneza watajifunzia hapa duniani. Kwa hiyo Ziwa Vostok lisiingiwe tena kwa shimo la mafuta ya taa. Mwenye njia safi ya kulifikia aionyeshe kwanza katika ziwa dogo, kwa kina kinachoongezeka hatua kwa hatua kama walivyofanya kutoka Whillans hadi Mercer, na hesabu ya seli za maji yake iwe mezani kabla keekee haijawashwa.